Kuyaficha Maji Jua Lisiyaone

Windhoek, mji mkuu wa Namibia, haukujengwa kando ya mto wa kudumu. Nchi ile yote ina mito ya kudumu mipakani tu: Orange kusini, na Kunene, Okavango, Kwando na Zambezi kaskazini. Mito ya bara ni makorongo ya mchanga. Hutiririka siku chache baada ya mvua kubwa, kisha hukauka, na mvua yenyewe kwa Windhoek ni kama milimita 360 kwa mwaka wa wastani. Jiji hilo lenye watu karibu nusu milioni linategemea zaidi mabwawa matatu, na namna mabwawa hayo yalivyofungamanishwa kwa mabomba ni moja ya kazi za kihandisi ninazoziheshimu sana barani mwetu.

Mabwawa yenyewe ni Von Bach, lililokamilika mwaka 1970, Swakoppoort, la mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya sabini, na Omatako, la mwanzoni mwa miaka ya themanini. Ukitazama ujazo peke yake utadhani hayapishani sana. Von Bach hubeba mita za ujazo zipatazo milioni 48, Omatako karibu milioni 43, Swakoppoort zaidi ya milioni 60. Lakini Von Bach limebanwa na milima karibu na mji wa Okahandja. Likijaa pomoni, uso wake hautimizi kilomita za mraba 5. Omatako limelala kwenye tambarare, na likijaa hutanda kwenye zaidi ya kilomita za mraba 12. Gawanya ujazo kwa eneo, hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza, utapata kina cha wastani: Von Bach mita 10, Omatako mita tatu na nusu.

Katika eneo hilo, jua na upepo mkavu hunyanyua zaidi ya mita 2 za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso wa bwawa. Mimina ndoo moja ya maji kwenye sinia na nyingine kwenye mtungi, viache vyote juani tangu asubuhi, na jioni utaona ni chombo gani kimekuibia. Omatako ndilo sinia. Kama lingebaki limejaa mwaka mzima, lingepoteza mita za ujazo milioni 25 hivi, zaidi ya nusu ya maji yake, bila mtu yeyote kunywa hata kikombe. Von Bach, kwa jua lile lile, lingepoteza milioni 10 hivi.

Kutokana na hesabu hiyo, wapangaji waliamua kwamba Omatako lisiwe ghala. Kazi yake ni kudaka. Mvua inyeshe, korongo lishushe maji, bwawa liyapokee, na kabla jua halijapata nafasi pampu ziyasukume kusini kwa bomba hadi Von Bach, yakakae kwenye kina. Swakoppoort nalo likaungwa kwa bomba lake hadi pale pale Von Bach. Maji yote husafishwa kwenye mtambo wa Von Bach, kisha hupandishwa Windhoek, umbali wa kilomita 70 hivi na kimo cha karibu mita 300.

Tumezoea kudhani kwamba dawa ya ukame ni ukuta mrefu zaidi na bwawa pana zaidi. Hapa bomba lilifanya jambo ambalo ukuta usingeweza: liliongeza maji ya kunywa bila kuongeza tone la mvua. Maji yale yalikuwepo tangu zamani, ila yalikuwa yakiondoka kwa njia ya juu. Kuona upotevu usioonekana kwa macho, kuupima, kisha kuuwekea bei na kuulinganisha na bei ya chuma, pampu na umeme, huo kwangu ndio ufundi wenyewe. Kulaza bomba huja baadaye sana.

Ujazo wa mabwawa yote matatu ukijumlishwa ni mita za ujazo milioni 155 hivi. Mtu wa kawaida akiambiwa hivyo atadhani jiji lina akiba ya kutumia milioni 155. Mtaalamu wa haidrolojia hasemi hivyo hata kidogo. Yeye huuliza: ni kiasi gani naweza kuahidi kila mwaka, nikitaka ahadi hiyo isivunjike? Kwa mabwawa haya, yakiendeshwa kwa pamoja kama chombo kimoja, jibu ni takriban milioni 20 kwa mwaka, kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake ni kwamba, kwa wastani, katika miaka 20 ahadi itatimia miaka 19. Yakiachwa kila moja kivyake, kiasi hicho hupungua.

Angalia pengo lililopo kati ya milioni 155 na milioni 20. Limo jua, lakini pia imo tabia ya mito ya jangwani, ambayo mwaka mmoja huleta mafuriko ya kujaza kila kitu na miaka mitatu inayofuata haileti chochote cha maana. Wastani wa maji kwa mito ya namna hiyo haumwambii mpangaji mengi. Mwaka wa wastani karibu haupo. Kwa hiyo mpangaji hachukui kumbukumbu za mto na kuzigawanya kwa idadi ya miaka. Anazisoma zilivyopishana: ukame ulidumu misimu mingapi, mafuriko yalifuatana vipi, mwaka mbaya ulikuwa mbaya kiasi gani. Kisha kompyuta hutunga mfululizo mwingine wa miaka ambayo haikutokea lakini ingeweza kutokea, kwa tabia ile ile ya mto, mamia kwa mamia. Kila mfululizo hupitishwa kwenye mabwawa yale matatu na mabomba yake, mwezi baada ya mwezi, ili kuona ni lini bomba la jiji lingekauka. Ni kazi ya kimya na ya kuchosha. Haina sherehe ya kukata utepe. Lakini ndiyo inayoamua kama watu watafungua bomba na kupata maji miaka mitano baadaye.

Kisha linakuja swali la lini, nalo ndilo gumu kuliko yote. Tuseme ni Januari, Omatako limepata maji, na Von Bach limejaa robo tatu. Ukisukuma leo, umeyaokoa maji kutoka kwa jua. Lakini Februari mafuriko yakishuka kwenye Mto Swakop, unaolijaza Von Bach lenyewe, bwawa hilo litafurika, na yatakayomwagika ni pamoja na yale uliyokwisha kuyalipia umeme. Ukisubiri hadi mwisho wa msimu ili uone, jua linakata sehemu yake kila siku ya kusubiri. Hakuna jibu lisilo na gharama. Kuna kanuni tu, iliyopimwa kwa miaka mingi ya kubuni: Von Bach likiwa chini ya kiwango fulani, sukuma mara moja, likiwa juu ya kiwango hicho na msimu bado mchanga, subiri. Kiwango hicho hakipatikani kwa kubahatisha. Mtu amekaa nacho mezani akakipandisha na kukishusha, akitazama kila mara ni maji kiasi gani yamepotea kwa mvuke na ni kiasi gani yamemwagika, mpaka akapata pale ambapo hasara mbili zinatoshana.

Jiografia iliwapa wapangaji msaada kidogo. Swakoppoort liko chini ya Von Bach kwenye mto ule ule wa Swakop, unaoelekea Bahari ya Atlantiki. Kinachomwagika juu hudakwa chini. Ila msaada huo una kasoro. Swakoppoort hupokea pia maji yanayotiririka kutoka Windhoek na Okahandja, pamoja na uchafu wake, na kwa hiyo huota mwani wa kijani unaosumbua mitambo ya kusafishia. Maji hayo yakirudishwa Von Bach kwa wingi, yanaweza kuharibu ubora wa bwawa zuri kuliko yote. Basi mpangaji hahesabu kiasi tu, anahesabu pia mchanganyiko. Anaweza kuwa na maji mengi Swakoppoort na bado akalazimika kuyachukua kwa kipimo, kama mtambo ulioko Von Bach utakavyoyamudu.

Kuna jambo jingine ambalo asiyetazama ramani hulipita. Korongo la Omatako halielekei Atlantiki. Linaelekea kaskazini-mashariki, upande wa bonde la Okavango. Bomba hilo basi linavusha maji kutoka bonde moja hadi jingine, na maji hayasafiri peke yake. Yanaweza kubeba samaki wadogo, konokono na mbegu za magugu. Mpangaji makini hulifikiria hilo mapema, kwa sababu kiumbe akishahamia bwawa jipya hakuna pampu ya kumrudisha.

Sasa bomba lenyewe. Kabla ya mtaro kuchimbwa, wapima ardhi huwa wamekwisha kuutembea mkuza wote na kuchora mkato wa ardhi kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila mwinuko na kila bonde. Juu ya mchoro huo mhandisi huchora mstari wa pili, unaoonyesha maji yangepanda hadi wapi kama bomba lingetobolewa mahali hapo. Mistari hiyo miwili ndiyo inayozungumza. Pale inapokaribiana, presha ni ndogo na hewa inaweza kunaswa. Pale inapoachana sana, presha ni kubwa na chuma lazima kiwe kinene. Kwenye kila kilele huwekwa vali ya kutolea hewa. Kwenye kila bonde huwekwa vali ya kutolea tope na kumwaga maji wakati wa matengenezo. Ukisafiri barabarani ukaona vichemba vya zege vimejipanga porini kwa mpangilio usioeleweka, elewa kwamba vinafuata milima na mabonde ya ule mchoro.

Kipenyo ni mvutano wa maisha yote ya bomba. Likiwa jembamba, unaokoa fedha leo na kulipa umeme miaka hamsini. Kipenyo kikipunguzwa nusu na kiasi cha maji kikabaki kile kile, nguvu inayopotea kwa msuguano huongezeka takriban mara 32. Kwa bomba la Omatako mvutano huo ni mkali zaidi, kwa sababu maji huja kwa kishindo na hayatakiwi kukaa. Chukua mfano: kuhamisha mita za ujazo milioni 20 ndani ya siku 180 kunahitaji lita zipatazo 1,290 kila sekunde. Ukijipa mwaka mzima, lita 634 zinatosha, na bomba dogo zaidi linafaa. Lakini katika miezi hiyo ya ziada jua linaendelea kunywa. Na ukinunua bomba kubwa, litakaa tupu katika miaka ya ukame ambayo Omatako halipati kitu. Mhasibu ataliona bomba tupu na kuuliza kwa nini lilinunuliwa. Mhandisi anatakiwa kuwa na subira ya kumweleza kwamba bomba hilo lilinunuliwa kwa ajili ya wiki chache za mwaka mmoja mzuri kati ya kadhaa, na kwamba wiki hizo ndizo zinazobeba jiji katika miaka mingine.

Hata umeme kukatika huwa kwenye mpango. Pampu zikizimika ghafla, safu ya maji yenye uzito wa maelfu ya tani huwa bado inakwenda. Nyuma yake presha inaporomoka, kisha wimbi linarudi ndani ya bomba la chuma kwa mwendo wa takriban mita 1,000 kwa sekunde, na linaweza kupasua bomba au kulikunja. Kwa hiyo kuna matangi ya kupokea mshtuko, vali zinazofunga polepole, na pampu zinazopunguza mwendo taratibu. Kila kimojawapo kipo kwa sababu mtu fulani mezani alijiuliza nini kitatokea usiku ambao hakuna mwenye kufikiria maji. Na gharama ya kusukuma haimsahau mtu: kupandisha mita moja ya ujazo kimo cha mita 300 hula zaidi ya yuniti moja ya umeme, ukijumlisha upotevu wa pampu. Maji yanayofika Windhoek yamelipiwa mara mbili, kwa kudakwa na kwa kupandishwa.

Mpango huu haukuishia kwenye mabwawa. Mpango mkuu wa maji wa mwaka 1974 ulitazama kaskazini zaidi, kwenye miamba yenye maji ya eneo la Grootfontein, na mwishoni kabisa kwenye Mto Okavango. Mfereji wa kilomita 263 kutoka Grootfontein hadi Omatako ulikamilika mwaka 1987, sehemu kubwa ukiwa wazi, na mabomba yakipita chini ya makorongo. Naukubali werevu wake wa kutumia mserereko badala ya pampu, lakini siusifu wote. Mfereji wazi katika nchi kavu huwaita wanyama kuja kunywa, na wengi hutumbukia wasiweze kupanda kuta laini za zege. Hapo hesabu ya gharama ilimshinda mpangaji.

Kipande cha mwisho, bomba la karibu kilomita 250 kutoka Okavango karibu na Rundu, hakikujengwa. Mwaka 1996 ukame uliposhusha mabwawa hadi kiwango cha kutisha, Namibia iliandaa mpango wa dharura wa kulijenga. Botswana ilikuwa na hofu juu ya Delta ya Okavango, eneo ambalo baadaye, mwaka 2014, liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nchi hizo mbili na Angola zilikuwa tayari na tume ya pamoja ya mto huo, iliyoundwa mwaka 1994, na suala likawekwa mezani. Mwaka 1997 mvua ilinyesha na haraka ya kulijenga bomba ikapungua. Kwangu, miaka iliyopatikana bila bomba hilo ni sehemu ya mafanikio ya mabwawa matatu: kadiri maji ya nyumbani yanavyotunzwa, ndivyo kwenda kuomba ya jirani kunavyochelewa.

Na Windhoek ilitunza kwa njia nyingine pia. Tangu mwaka 1968, kwenye mtambo wa Goreangab, jiji hilo limekuwa likisafisha majitaka hadi kuwa maji ya kunywa na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mtandao wake, la kwanza duniani kufanya hivyo. Mtambo mpya ulizinduliwa mwaka 2002 na una uwezo wa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Miaka mabwawa yanapokuwa na ziada, sehemu ya maji yaliyosafishwa hushindiliwa kwenye visima virefu, yakakae ndani ya miamba iliyo chini ya jiji. Ile safari iliyoanza Omatako, kutoka kwenye uso mpana hadi kwenye kina, hapo inafika mwisho wake wa kimantiki: chini ya mwamba jua halina mlango. Katika ukame wa 2015 na 2016 visima hivyo vilibeba mzigo mkubwa.

Sitaificha historia. Mabwawa haya yalipangwa wakati Namibia ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, na mpango wake haukuwa na wakazi wa Katutura moyoni, watu waliohamishwa kwa nguvu kupelekwa pembezoni mwa jiji kuanzia mwaka 1959. Uhuru ulipatikana mwaka 1990, na kampuni ya umma ya NamWater ikaanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Hata leo familia nyingi za vitongoji visivyopimwa vya kaskazini mwa Windhoek huchota maji kwenye magati ya pamoja. Wakulima walioko chini ya mabwawa, kando ya Mto Swakop, nao wana haki ya kuuliza mafuriko yaliyokuwa yakijaza visima vyao yamekwenda wapi. Ufundi wa kuficha maji kutoka kwa jua ni mmoja, kuyagawa kwa haki ni mwingine, na wa kwanza umekwenda mbali zaidi ya wa pili.

Nawaomba wenzangu wa nchi kavu, wa Kitui, wa Garissa, wa Dodoma na wa Singida. Bwawa jipya linapotangazwa, wananchi husomewa ujazo wake na bei yake. Ombeni takwimu tatu zaidi kabla ya kupiga makofi: kina chake cha wastani, kiasi kitakachochukuliwa na jua kila mwaka, na kiasi ambacho wapangaji wako tayari kuahidi hata mwaka mbaya. Kisha ulizeni kama kuna bwawa jingine lenye kina zaidi ambalo linaweza kuungwa nalo kwa bomba. Maswali hayo yana majibu, na mhandisi aliyeifanya kazi yake vizuri atafurahi kuulizwa.